NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Utajuaje kama nyumba ya wazee yamtunza mzazi wako vizuri?

Labda leo huna haja na makala hii. Baba yako bado analima, na mama yako bado anakwenda sokoni kwa miguu yake. Basi, itunze. Siku moja yaweza kukufikia kama ilivyotufikia sisi. Mzee anateleza bafuni, mfupa wa nyonga unavunjika, na jamaa wote wanaketi usiku kuulizana, “Nani atakaa naye?” Mmoja ana kazi mjini, wa pili ana watoto wadogo, wa tatu yuko ng'ambo. Ndipo mtu mmoja anataja nyumba ya wazee, na wote wananyamaza.

Sitaki kubishana nawe hapa kama ni vema au si vema kumpeleka mzazi katika nyumba ya namna hiyo. Kila jamaa yaujua mzigo wake. Nataka kukusaidia katika neno moja tu: ukiisha kufika pale mlangoni, utazame nini?

Sisi tulitazama vibaya. Shangazi yangu, aliyekuwa amepita miaka 80, tulimpeleka katika nyumba moja ambayo sitaitaja. Tuliipenda kwa maua yaliyopandwa langoni, kwa sakafu iliyong'aa, na kwa bwana aliyetukaribisha ofisini na kutupa chai. Tukawa tunamtembelea kila Jumapili saa 6 mchana. Kila Jumapili tulimkuta ameogeshwa, amejifunga kanga safi, ameketi kitini. Tukarudi nyumbani tukiwa na furaha.

Baada ya miezi 4 hivi, safari nyingine ilinipitisha karibu na hapo siku ya Jumatano. Nikaingia saa 12 jioni bila kutoa habari. Nilimkuta amelala chali, na kikombe cha chai kimewekwa mezani mahali mkono wake usipofika. Chai ilikuwa baridi kabisa. Shuka ilikuwa imelowa. Tulipomgeuza, mimi na mtumishi mmoja, tuliona kidonda juu ya mfupa wa kitakoni, upana wake kama mdomo wa kikombe kile. Nikamwuliza, “Shangazi, mbona hukutuambia?” Akanijibu polepole, “Ninyi mnaondoka, mwanangu. Mimi nabaki nao.”

Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza namna ya kuipima nyumba ya wazee. Haya ndiyo niliyoyapata.

MAMBO MATATU YA KUPIMA

Alikuwako daktari mmoja aliyeitwa Avedis Donabedian. Alizaliwa Beirut, katika nchi ya Lebanoni, mwaka 1919, akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwaka 1966 aliandika makala iliyosomwa sana na wakuu wa hospitali ulimwenguni. Alifundisha kwamba ubora wa utunzaji hupimwa kwa mambo matatu. Kwanza ni vitu na watu waliopo. Pili ni kazi inavyotendeka. Tatu ni matokeo kwa mgonjwa mwenyewe.

Ukitaka kuyafahamu, mfikiri mpishi. Ana jiko, masufuria na unga: hilo ni la kwanza. Anasonga ugali: hilo ni la pili. Ugali unafika mezani, nanyi mnaula: hilo ni la tatu. Jiko zuri halizuii ugali usiungue, wala mpishi mwenye bidii hawezi kusonga pasipo unga. Yakupasa kutazama yote matatu. Sisi kwa shangazi tulitazama la kwanza tu, na hata hilo tulilitazama kwa nje.

KWANZA: WATU KABLA YA KUTA

Katika miaka ya 1950, mwalimu mmoja Mwingereza, Peter Townsend, alikwenda kuzitembelea nyumba 173 za wazee katika England na Wales, akatoa kitabu mwaka 1962. Baadhi ya nyumba alizozikuta zilikuwa majengo makubwa ya zamani yaliyojengwa kwa ajili ya kuwaweka maskini. Wazee walikuwa wakilala penye paa na kupata chakula, lakini wengi walikuwa wapweke, hawakuwa na kazi ya mikono yao, wala mahali pa faragha. Kumbe mtu aweza kushiba na kulala pakavu, na bado asiwe ametunzwa.

Kwa hiyo usianze na kuta, anza na watu. Uliza wauguzi wangapi wapo mchana, na wangapi wapo usiku. Swali la usiku ndilo kubwa. Nyumba nyingi zina watu wa kutosha saa 4 asubuhi, lakini saa 8 ya usiku mtumishi mmoja aweza kuachiwa wazee wengi kupita nguvu zake. Mtu mmoja hawezi kuwageuza wazee wazito, kuwabadili walioloa, na kumkimbilia aliyeanguka, yote kwa wakati mmoja, hata kama ana moyo wa upendo.

Wala usitosheke na jibu la mdomo. Omba kuona orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Wamarekani wamejifunza jambo hili kwa shida. Tangu mwaka 2008 serikali yao huzipa nyumba za wazee nyota, kuanzia 1 mpaka 5, ili jamaa wapate kuchagua. Lakini kwa miaka kadha hesabu ya wauguzi ilikuwa ikitolewa na nyumba zenyewe, kwa kujisifu zenyewe. Mwaka 2016 zikaamriwa kupeleka hesabu kutoka katika vitabu vya mishahara, maana mtu asiyelipwa hakuwako kazini. Hekima hiyo yafaa hata kwetu. Mwulize mtumishi mmoja mmoja, kwa upole, “Umefanya kazi hapa muda gani?” Ukisikia wote wamefika mwezi uliopita, jiulize waliokuwako walikimbia nini.

Tena uliza ni nani atakayesema naye. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza lugha alizojifunza ukubwani, akabaki na ile ya mama yake. Kama katika nyumba nzima hapana anayejua Kisukuma, Kimeru au Kichaga chake, nani atafahamu anaposema kwamba anaumwa?

Msinifahamu vibaya. Mali kidogo si dhambi. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, Ufaransa, mwanamke maskini aliyeitwa Jeanne Jugan alimchukua kikongwe kipofu asiye na mtu, akamleta chumbani mwake, akampa kitanda chake mwenyewe. Katika tendo hilo lilizaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao hutunza wazee katika nchi nyingi, na Nairobi pia. Nyumba ile ya kwanza haikuwa na maua langoni. Ilikuwa na mtu aliyetoa kitanda chake.

PILI: KAZI INAVYOTENDEKA

Hapa pana siri moja kubwa: usiende saa ileile kila mara. Nenda asubuhi wazee wanapoamshwa, nenda wakati wa chakula, nenda jioni giza linapoingia. Nyumba iliyo njema haiogopi mgeni. Inaweza kukuomba ungoje kidogo wazee wanapoogeshwa, na hiyo ni heshima. Lakini nyumba inayotaka taarifa ya siku mbili kabla hujamwona mama yako mwenyewe, ina jambo inalolifagia kwanza.

Wakati mzuri kupita yote ni wa chakula. Mtafute mzee asiyeweza kujilisha, ukae kando utazame. Je, mtumishi ameketi karibu naye, au amesimama akimsukumia kijiko huku macho yako dirishani? Je, anangoja ameze? Mzee aliyelala chali akilishwa kwa haraka aweza kupaliwa, na chakula kikishuka mapafuni huleta homa ya mapafu. Angalia pia sahani zinazorudi jikoni. Sahani iliyojaa iliyoondolewa bila neno ni habari mbaya.

Kisha sikiliza. Mzee akiita, hesabu dakika mpaka ajibiwe. Sikiliza wanavyosema naye. Sisi tuna kipimo ambacho watu wa Ulaya hawana: je, watumishi wale vijana wanamwamkia? Je, anapata shikamoo yake ya asubuhi, na kuitwa kwa jina lake, Mzee fulani au Mama fulani? Au ni “wewe, geuka” tu? Anayemwamkia mzee amekwisha kukumbuka kuwa yule ni mtu. Angalia kama pazia huvutwa anapooshwa. Angalia kama nguo anazovaa ni zake, au ni zozote zilizotoka kwenye kamba.

Mambo mawili yakutie hofu mara moja. La kwanza ni kufungwa. Ukimkuta mzee amefungwa kitini au kitandani kwa kitambaa, utaambiwa ni kwa ajili asianguke. Ni kweli kuanguka ni hatari. Lakini aliyefungwa hupoteza nguvu za miguu, hupata vidonda, na akijaribu kujinasua aweza kuumia vibaya zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 iliwapa wazee haki ya kutofungwa kwa sababu ya adhabu au kwa kuwarahisishia watumishi kazi.

La pili ni dawa za kulevya akili. Mzee aliyekuwa akiongea, na sasa anasinzia kutwa mate yakimtoka, usikubali kuambiwa “ndio uzee”. Uliza ni dawa gani anapewa, nani aliiandika, na kwa ugonjwa gani. Mwaka 2005 wakuu wa dawa wa Marekani walionya kwamba baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, zikipewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, huzidisha hatari ya kufa. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe. Mwone daktari, umwulize.

TATU: MWILI HAUSEMI UONGO

Maneno ya ofisini yaweza kupambwa, lakini mwili wa mzee ni barua iliyo wazi. Jifunze kuisoma.

Anza na ngozi. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wake hubana damu kati ya mfupa na godoro, na nyama isiyopata damu hufa. Ndiyo asili ya vidonda vya kulala. Hupenda kutokea kitakoni, nyongani, visiginoni, vifundoni, na kwenye mabega. Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza, aliandika tangu mwaka 1859 kwamba kidonda cha namna hiyo kwa kawaida ni kosa la utunzaji, si la ugonjwa. Ni kweli kwamba wapo wagonjwa mahututi wanaokipata ijapokuwa wametunzwa sana. Lakini kila kidonda kinadai jibu. Desturi ya wauguzi ni kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa 2 hivi, na kuandika. Omba kuona ilipoandikwa.

Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu usioondoka ukibonyezwa kwa kidole. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Wewe tafuta mahali palipokolea weusi au palipo na rangi ya zambarau kuliko ngozi ya kando yake. Kisha gusa kwa mgongo wa mkono: kama pana joto kuliko kwingine, au pamekuwa pagumu, au palaini mno, au mzee anashtuka kwa maumivu, kidonda kimeanza ndani ingawa ngozi haijapasuka. Laiti ningalijua hayo mapema!

Kisha uzito. Mzee apimwe kila mwezi na kuandikwa. Akipungua sehemu 5 katika 100 kwa mwezi mmoja, au sehemu 10 katika 100 kwa miezi 6, daktari aitwe. Yaani mama mwenye kilo 60 asipotee kilo 3 kwa mwezi na watu wakanyamaza. Kama hapana mizani, tazama pete inayoteleza kidoleni na nguo zinazopwaya.

Kisha maji. Uzee hupunguza kiu, basi mzee aweza kukauka bila kuomba maji. Tazama mdomo na ulimi kama ni vikavu, na mkojo kama ni wa rangi nzito. Akianza kuchanganyikiwa ghafula, usiseme ni uzee. Yaweza kuwa ni kukosa maji au ugonjwa mpya. Zipo nyumba ambazo mzee hunyimwa maji jioni ili asiloweshe kitanda. Jaribu hili: kikombe kiko wapi, na je, mkono wake unafika?

Mwisho tazama vidogo. Kucha zimekatwa? Kinywa kimesafishwa? Miwani iko usoni au imepotea tangu mwezi jana? Haba na haba hujaza kibaba, kwa wema na kwa ubaya.

WENZETU NA SISI

Huko Marekani kila nyumba inayopokea fedha za serikali kwa kazi hii hukaguliwa bila taarifa, na isipite miezi 15 bila ukaguzi. Taarifa ya wakaguzi lazima iwekwe mahali ambapo kila mgeni aweza kuisoma. Huko England, tangu mwaka 2009, iko tume ya serikali inayouliza maswali matano: je, nyumba ni salama? Je, utunzaji unafaa? Je, watumishi wana huruma? Je, mahitaji ya kila mtu yanasikilizwa? Je, uongozi ni mwema? Kisha hutoa moja ya daraja 4, toka iliyo bora sana hata ile isiyofaa. Na bado, hata huko, nyumba yenye sifa yaweza kuharibika mkuu mwema akiondoka. Nyota ni za jana, mama yako analala pale leo.

Kwetu nako maneno mema yameandikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Lakini karatasi haimgeuzi mtu kitandani. Mkaguzi wa karibu ni wewe, mwenye macho na miguu ya kwenda.

UKIONA KASORO

Usianze kwa makelele, wala usimtukane yule binti anayefua mashuka. Huenda ndiye aliyekuwa peke yake usiku kucha kwa mshahara mdogo. Andika katika daftari siku, saa, na ulichokiona. Piga picha ya kidonda kwa ruhusa ya mzee. Nenda kwa muuguzi wa zamu, kisha kwa mkuu wa nyumba, ukamwulize maneno mawili: “Mtafanya nini, na lini?” Rudi siku hiyo waliyoitaja. Pasipobadilika neno, mwone Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, au kama ni nyumba ya kanisa au ya msikiti, waone walio juu yake. Na ikiwa uhai wa mzee uko hatarini, usingoje barua: mpeleke hospitali.

Na usisahau kushukuru. Ukimwona mtumishi anayemlisha mzee kwa subira, mtaje kwa jina mbele ya mkuu wake. Anayesifiwa kwa haki hupata nguvu ya kesho.

Zaidi ya yote, nenda, na kwenda tena. Mzee mwenye wageni hutunzwa vizuri kuliko asiye na mtu. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo wanadamu tulivyo. Na ukiwa pale, mwamkie jirani yake pia, yule asiyepata mgeni tangu mwaka uliopita.

MASWALI YA KWENDA NAYO

Kata sehemu hii, uiweke mfukoni.

1. Usiku wapo watumishi wangapi, kwa wazee wangapi?
2. Muuguzi mwenye cheti yupo, au huitwa tu?
3. Watumishi wamedumu hapa muda gani?
4. Naweza kuja saa yoyote?
5. Asiyejiweza hugeuzwa mara ngapi, na imeandikwa wapi?
6. Uzito hupimwa lini?
7. Kikombe cha maji kiko mkono unapofika?
8. Yupo aliyefungwa au anayesinzia kutwa?
9. Wazee wanaamkiwa, na kuitwa kwa majina?
10. Mzee mwenyewe anasema nini tukiwa wawili peke yetu?

Hili la 10 ndilo nililolisahau mimi. Muulize mlango ukiwa umefungwa, umshike mkono, kisha unyamaze. Usimjibie.

Shangazi tulimrudisha nyumbani. Kidonda kilipona baada ya miezi mingi ya kumsafisha na kumgeuza kwa zamu, na hapo ndipo tulipojua kazi ile ilivyo ngumu. Kwa maana usiku mmoja mimi mwenyewe nilisinzia, nikaipitisha saa yake ya kugeuzwa. Asubuhi nikatazama mgongo wake kwa hofu. Basi, msomaji, ukiwa na mzee nyumbani kwako na hufikiri kumpeleka popote, soma tena maswali yale. Nyumba yako nayo ni nyumba ya wazee. Kikombe kiko wapi, na je, mkono wake unafika?